Kikiharibika Nani Atalipa? Yaliyotukuta na Kompyuta za Shule ya Kata, Tanga

Kompyuta zilipofika shuleni kwetu, kitu cha kwanza kununuliwa kwa ajili yake kilikuwa kufuli. Cha pili kufuli jingine. Dirisha likatiwa nondo, mlango wa mbao ukang'olewa ukawekwa wa chuma, na funguo zikagawanywa: mmoja kwa mkuu wa shule, mwingine kwa mtunza stoo, ili mtu asiweze kuingia peke yake. Sina ugomvi na ulinzi. Lakini hata maabara yenye tindikali haikuwahi kulindwa namna ile, na mwalimu yeyote aliyepita pale alielewa kwamba humo ndani hahitajiki.

Nafundisha Fizikia katika shule ya sekondari ya kata, nje kidogo ya katikati ya jiji la Tanga. Wanafunzi wetu ni watoto wa wavuvi, wa vibarua wa mkonge, wa mama ntilie na wa bodaboda, na wengi huja kwa baiskeli kama ilivyo desturi ya mji huu. Naandika kwa ajili ya mwalimu ambaye shule yake imepokea mashine au inakaribia kupokea. Sisi tuliogopa umeme, tukaogopa intaneti, tukaogopa kwamba walimu wa zamani watagoma. Yote hayo yalikuwa na dawa. Kilichotuweka nje ya mlango muda mrefu kuliko vyote ni swali lililokaa vifuani mwa watu bila kutamkwa: kikiharibika nani atalipa?

Mashine ya shule ya serikali inaingia kwenye leja siku ileile inaposhuka kwenye gari. Inapigwa namba. Mkaguzi wa hesabu akija anauliza iko wapi, na anayeulizwa ni mkuu wa shule. Imefundisha watoto wangapi, hilo halimo kwenye fomu yake. Sasa kaa wewe kwenye kiti hicho. Mashine iliyofungiwa na plastiki yake juu, hesabu yake inatoka sawasawa. Mashine iliyoshikwa na watoto inaweza kupoteza kipanya, ikapasuka kioo, au ikakataa tu kuwaka. Na kufuta kifaa kibovu kwenye leja si kazi ya shule peke yake, kuna taratibu za halmashauri, nazo haziendi mbio. Mkuu wetu wa wakati ule, mtu mwema na mchapakazi, alifunga. Ningekuwa yeye huenda nami ningefunga.

Nilikuwa nikiomba ufunguo kama walivyoomba wengine, kwa mdomo, kwa adabu, tukikutana kwenye baraza. Majibu nayo yalikuwa ya adabu. "Madamu, tusubiri kwanza tuletewe mwalimu wa kompyuta." Hakuletwa. Baadaye ikawa tusubiri umeme urekebishwe, kisha tusubiri mafunzo. Muhula ukaisha, ukaja mwingine. Siku moja nikamuuliza waziwazi kama anaogopa zitaharibika. Akacheka, akasema, "Zikiharibika wewe utahamishwa zako. Mimi nitabaki na barua ya kujieleza."

Baada ya hapo niliacha kuomba ufunguo, nikaandika karatasi.

Ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema kwamba mwalimu anayetumia chumba atasaini daftari akiingia na akitoka, na atahesabu mashine na vipanya mbele ya kiranja. Ikasema kifaa kikiharibika katika matumizi ya kawaida ya kipindi, mwalimu akiwepo, kitaandikwa siku hiyohiyo, na gharama itatoka kwenye fungu la ukarabati la shule. Haitatoka mfukoni mwa mwalimu wala kwa mzazi. Wizi na uharibifu wa makusudi vitafuata taratibu za kawaida za mali ya umma, polisi na taarifa kwa halmashauri, karatasi yetu haikutaka kuingilia huko. Na mwisho wa kila muhula bodi ya shule itapewa taarifa fupi: mashine zilizopo, zinazowaka, na madarasa yaliyozitumia. Kifungu hiki cha mwisho nilikiweka bila kukitilia maanani sana. Kimekuja kufanya kazi kubwa kuliko vingine vyote.

Kwenye kikao cha bodi mambo hayakwenda rahisi. Mjumbe mmoja alitaka kila mtoto atakayevunja kitu alipishwe, ili wajifunze nidhamu. Wengine wakaitikia. Ndipo mama mmoja, mjumbe, anayeuza samaki pale sokoni Deep Sea, akauliza, "Dawati likivunjika mtoto kalikalia, mnamlipisha?" Wakasema hapana, dawati ni la kukaliwa. "Haya basi," akasema, akajifunga kanga yake vizuri. Karatasi ikapita. Nilimwona mkuu akishusha mabega. Kuanzia siku ile mashine ikifa ilikuwa na muhtasari wa bodi nyuma yake, haikuwa tena ya mtu mmoja.

Kama unaanza, fanya hili kabla hujagusa swichi. Na lifanye kwa maandishi, maana wakuu wa shule huhamishwa, na makubaliano ya mdomo huhama nao.

Sasa chumba kikafunguliwa, na tukakuta kwamba katika mashine ishirini, saba hazikuwaka. Hazikuwa zimeguswa na mtoto hata mmoja. Wanaokaa pwani wanajua hewa yetu ilivyo: chumvi inaingia kila mahali, unyevu wa masika unakaa kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Tukamleta fundi kutoka Ngamiani. Akafungua ya kwanza, akachomoa kadi ya kumbukumbu, akanionyesha meno yake ya shaba yalivyoingia ukungu, akayasugua kwa raba ya penseli, ile ya kufutia, akarudisha. Ikawaka. Nilitamani kulia na kucheka. Alifufua nne kwa raba na brashi ya rangi ya kupangusia vumbi. Tatu hazikurudi, na makazi ya mijusi yaliyokuwa ndani ya moja sitayaeleza. Hakuna aliyeandikiwa barua kwa ajili ya hizo tatu.

Fundi alitufundisha pia habari ya betri ndogo ya duara iliyo kwenye bodi ya ndani. Kompyuta ikikaa muda mrefu bila umeme betri ile hufa, saa ya mashine inarudi miaka mingi nyuma, na ukijaribu kuingia mtandaoni kurasa zinakukatalia kwa madai ya usalama. Watu wanalaumu intaneti kumbe ni tarehe. Betri hiyo ni bei ndogo, mafundi wa saa wanayo. Ushauri wake mkubwa ulikuwa huu: ziwasheni zote angalau mara moja kwa wiki hata kama hakuna kipindi, joto lake litakausha unyevu.

Kuhusu fedha nitasema wazi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule inaendeshwa kwa ruzuku, kwa sekondari shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Kinachobaki kinagombewa na chaki, karatasi za mitihani, michezo na vitasa vya milango. Watu hudhani umeme ndio utakaoimaliza. Nilikaa na mwalimu wa Hisabati tukapiga hesabu: projekta ya wati 300 ikiwaka saa nzima inakula uniti 0.3, kama shilingi mia hivi kwa bei ya LUKU tunayolipa. Kompyuta kumi za mezani, tukizikadiria wati 150 kila moja, ni uniti moja na nusu kwa saa, haifiki bei ya soda. Kinachouma ni vitu vinavyouzunguka umeme. Ekstensheni ya bei chee tuliyoanza nayo iliyeyuka plagi siku ya joto, tukanusa kabla haijawaka moto. Ikabidi fundi umeme avute laini mpya na soketi zake, na tununue stabilaiza, maana umeme wa kwetu ukirudi baada ya kukatika huwa unarudi na hasira. Hapo zilikwenda laki kadhaa, na tukasubiri muhula mzima fungu la ukarabati lijae. Ukiwa na fedha kidogo, anza na nyaya na stabilaiza. Spika na kamera zitasubiri.

Bando nililipa mwenyewe mwanzoni, na sikurudishiwa. Nilifanya hesabu nikaona kwamba kipindi cha darasani hakihitaji intaneti hata kidogo kama umejiandaa usiku uliotangulia. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, vitabu vya kiada vinasomeka humo bure. PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kioo cha kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ni ya bure pia, ukishayapakua yanafunguka kwenye kompyuta bila mtandao, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. GeoGebra kwa Hisabati, vilevile. Kwa Wikipedia nzima ya Kiswahili ipo programu ya Kiwix. Vyote hivi vikae kwenye flashi moja isiyotoka chumbani. Nasisitiza isitoke: flashi inayopita steshenari za mjini kutoa kopi hurudi na kirusi kinachoficha mafaili na kuacha njia za mkato tupu, na asubuhi moja mashine zote zitakuwa zimeambukizana.

Kipindi chenyewe sasa. Dakika arobaini, wanafunzi sabini na kitu, mashine kumi na saba. Kuwasha tu na kutulia kulikula karibu nusu ya kipindi mpaka tulipoteua viranja wa mashine, wanaoingia wakati wa mapumziko pamoja na mtunza stoo na kuziandaa. Nusu ya darasa inaingia, nusu inabaki barazani na kazi ya kuandika, kisha wanabadilishana. Ukiwaingiza wote, watakaoona kioo ni wale warefu.

Na wavulana watashika kipanya. Hili halikosi. Wasichana wanarudi nyuma, wanaandika wanachoamriwa, na mwisho wa kipindi wana daftari safi na mikono ambayo haijagusa kitu. Kuwahimiza kwa maneno hakukusaidia. Kilichosaidia ni sheria: anayeshika kipanya haruhusiwi kuamua, na anayeamua haruhusiwi kushika. Mwenye kipanya anasubiri kuambiwa "ongeza betri," "kata waya pale," na ikipita dakika tano wanabadilishana viti. Kelele zinaongezeka, mwalimu wa chumba cha jirani atakuja kulalamika, lakini kila mtu amelazimika kusema anachofikiri.

Lugha nayo. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anafika Kidato cha Kwanza akiwa bubu kwa muda. Nilianza kuwafungulia jaribio la Kiswahili kwanza, wabishane kwa lugha yao kwa nini balbu zinafifia ukiunga ya pili kwa mfuatano, kisha ndipo tuandike kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Mthibiti ubora mmoja alikaa nyuma ya darasa akaona, akaninyooshea kalamu, lakini hakuandika kitu.

Kuna jambo la saketi ambalo mwalimu wa sayansi alijue mapema. Kwenye kioo, ukiunganisha sawa, balbu inawaka kila mara. Kwenye maabara yetu waya umelegea, betri imechoka, kibanio kina kutu. Wanafunzi waliotoka kwenye kompyuta walipokuta balbu ya kweli haiwaki, walifuta nadharia sahihi waliyokuwa wameandika, wakidhani wamekosea wao. Haikuwapitia akilini kukaza waya. Mtihani wa vitendo wa NECTA unafanywa kwa waya wa kweli. Kwa hiyo siku hizi naanza mezani na vifaa vyetu vibovu, waone inavyogoma. Tunakwenda kwenye kioo kuona ilivyotakiwa kuwa. Tunarudi mezani kutafuta kasoro iko wapi. Inakula vipindi viwili zaidi, na mwalimu mwenzangu aliniambia silabasi haitaisha. Mada ya mwisho niliimalizia Jumamosi.

Sitasema ufaulu ulipaa. Alama za Kidato cha Pili zilisogea kidogo kwa somo langu, lakini mwaka uleule tulipata mwalimu mwingine wa Fizikia, na sijui nigawe vipi sifa hiyo.

Vishikwambi ni hadithi yake. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, walimu wa serikali tulipewa vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu. Shuleni kwetu kazi yake kubwa imekuwa kujaza PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, na wengine husomea moduli za MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini. Vingi vilikaa makabatini majumbani, kwa sababu ileile: ukikipeleka darasani kikaanguka, ni chako. Mwenzetu mmoja alipasua kioo akanyamaza nacho miezi. Tulipokiongeza kifungu cha vishikwambi kwenye karatasi, akakileta. Matumizi bora niliyoyaona hayahitaji programu yoyote: piga picha ukurasa wa daftari la mwanafunzi, onyesha kwa projekta, darasa zima lisahihishe hesabu ya mwenzao. Changu hakikubali waya wa projekta, kwa hiyo nahamisha picha kwa waya wa chaji kwenda kwenye kompyuta. Omba ruhusa ya mwenye daftari kwanza, na funika jina. Siku niliyosahau kulifunika, binti alikaa kimya wiki nzima.

Wazazi walikuwa na swali lao, na ni swali halali. Mzee mmoja alinisimamisha getini: "Mwalimu, mnawanyang'anya watoto simu, halafu mnawafungulia chumba cha simu kubwa?" Nilimkaribisha aingie kipindi. Akakaa nusu saa kwenye kiti cha pembeni, mjukuu wake akimwonyesha namna ya kuunganisha betri. Alipotoka alisema ameona hakuna picha za ajabu. Tangu hapo kila mwanzo wa mwaka tunawaalika wazazi wa Kidato cha Kwanza, mlango wazi, waje waone wenyewe.

Halafu likatokea lile lililongojwa. Mvulana wa Kidato cha Pili alinasa mguu kwenye waya, kioo kikaburutwa kikaanguka sakafuni. Darasa likawa kimya. Mtoto alianza kutetemeka, akanong'ona kwamba baba atauza baiskeli. Nikachukua daftari, nikaandika tarehe, namba ya mashine, na maneno "waya ulipita njiani," maana kweli ulipita njiani, na tukaupeleka waya ukutani siku ileile. Mkuu alisoma, akafungua kifungu cha pili, akaidhinisha kioo cha mtumba kutoka Ngamiani. Mtoto hakulipa kitu. Kipindi kilichofuata alikaa kiti kilekile.

Matokeo yake sikuyatarajia. Wanafunzi walianza kuleta taarifa. "Madamu, ile ya dirishani inanuka kuungua." "Madamu, hiki kipanya jana kiling'oka, nilikirudishia tu." Kumbe kasoro nyingi walikuwa wanazijua na kuzificha, na mashine zilikuwa zinakufa kwa ukimya huo. Ile ya dirishani feni yake ilikuwa imekwama kwa vumbi. Fundi aliisafisha kabla haijachoma bodi.

Mkuu yule alihamishwa mwaka jana. Aliyekuja aliomba funguo zote siku yake ya kwanza, na mie nikajua tumerudi tulikotoka. Akakaa na leja na daftari la kusaini. Baada ya muda akaniita ofisini, daftari likiwa wazi mbele yake, akaniuliza kwa nini Kidato cha Tatu hakionekani humo tangu muhula uanze. Nikamweleza kwamba wao nawafundisha kwa projekta, taa yake imekufa, na bei ya taa mpya ni hii hapa. Ameiweka kwenye ajenda ya kikao kijacho cha bodi.